Tulipoamua Kupima Kabla ya Mimba

Sijawahi kulazwa hospitali. Sina kovu, situmii dawa, na nikipanda mteremko wa kwetu na mzigo wa majani ya ng'ombe begani sihemi kuliko wenzangu. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa alikuwa mimi, mke wangu ndiye aliyeumwa kwa niaba yangu, na hakuna aliyelijua hilo.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa katikati ya jambo lenyewe nilitafuta mwanaume hata mmoja wa kunieleza lilivyo, nikamkosa. Wanawake wanaambizana. Sisi tunakaa kwenye viti vya kliniki tumeinamia simu, hata zikiwa zimezimika. Kama uko kwenye kiti hicho sasa, nitakueleza yaliyotupata, pamoja na sehemu isiyopendeza. Watu hupenda kusikia kwamba mtu alivumilia na kuomba. Mimi niliomba kidogo. Muda mwingi niliona wivu.

Naitwa Aminieli. Kwetu ni Marangu, kwenye kihamba alichotuachia baba: migomba, kahawa chini ya migomba, na zizi. Nyumba yangu iko upande wa juu wa mfereji, ya mdogo wangu Elisante iko upande wa chini, na mama anakaa katikati yetu. Elisante anaongoza watalii mlimani. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe. Mtu akiona ng'ombe wake yuko kwenye joto ananipigia, napanda pikipiki na mtungi wangu wa baridi wenye mbegu za madume, nampandisha kwa mrija, dume mwenyewe akiwa hajulikani hata anaishi wapi. Watoto wa njiani waliniita Baba Ndama. Jina hilo lilinichekesha mwanzoni mwa ndoa. Baadaye likaacha kunichekesha.

Nilimwoa Mkunde, mwalimu wa shule ya msingi, kabla Elisante hajamwoa Upendo. Mimba ya kwanza ya Mkunde ilikuja mapema, ikatoka hatujamwambia mtu. Ya pili tulimwambia mama, ikatoka pia. Tukiwa bado tunajiuliza, Upendo akajifungua mtoto wa kiume, na haikupita muda akawa na mwingine tumboni.

Kwetu mzazi anapikiwa mtori. Ndizi na nyama vinachemshwa mpaka vinalainika, vinapondwa pamoja, na harufu yake haijui mpaka wa nyumba. Ilipanda kutoka upande wa chini wa mfereji jioni baada ya jioni. Mpishi alikuwa Mkunde, maana ndivyo inavyotarajiwa kwa mke wa kaka. Alirudi nguo zikinuka mtori, anakaa kitini, anafungua kitambaa cha kichwa. Nami niliketi pale namkasirikia mdogo wangu kana kwamba ameniibia.

Hakuwa amenifanyia lolote. Alikuwa akishuka mlimani na chokoleti alizopewa na wageni, anawagawia wanawe, nyingine anamletea Mkunde. Nilizitazama chokoleti zile nikaona ananidharau. Wanawe walikuwa wamenizoea. Wakisikia pikipiki yangu walikimbilia njiani ili niwapakize hadi nyumbani. Siku moja, wakati wa masika, niliwaona kwa mbali wamesimama wakinisubiri. Nikakata kushoto, nikapita kwa jirani, nikaisukuma pikipiki kwenye tope mpaka viatu vikajaa, ili tu nisimbebe mtoto wa ndugu yangu.

Mimba ya tatu ilitoka Upendo akiwa amejifungua wa pili. Lawama zilimwendea Mkunde. Hakuna aliyezisema mbele yangu, ila zilimfikia. Shangazi alileta mizizi kutoka kwa mganga mmoja karibu na Mkuu, kule Rombo, na Mkunde akainywa asubuhi na jioni huku akiziba pua. Wanawake wa usharika walikuja kumwekea mikono tumboni. Hospitalini Moshi walimpima kizazi, mirija, damu, kila kitu cha kupimwa. Mimi nilipimwa mara moja, nikaambiwa mbegu zangu ni nyingi na zinakimbia vizuri. Nilitoka pale kifua mbele. Mkunde alikuwa ananisubiri nje kwenye benchi, na nilipomwambia akasema, "Afadhali." Sikuona jinsi neno lile lilivyompunguza.

Baada ya hapo tulishauriwa kwenda kliniki ya Nairobi kujaribu upandikizaji. Mayai ya mke yanatolewa, yanarutubishwa maabara kwa mbegu ya mume, na kiinitete kinachopatikana kinarudishwa tumboni. Gharama sitazitaja. Aliyezilipa anazijua, na anayekwenda kuzilipa hana haja ya kutishwa na mimi.

Kwenye mlango wa chumba cha kusubiri kulikuwa na tangazo la kuomba watu wasije na watoto wao, kwa kuwahurumia wenzao. Nilimshukuru aliyelifikiria. Lakini wivu ulikuwa umekwisha kuingia bila kusoma tangazo. Ukikaa pale mara mbili tatu unajifunza kusoma migongo ya watu wanaotoka. Anayetoka polepole, mkono tumboni, amepata. Kulikuwa na mwanaume mmoja mrefu wa Machakos, mwenye kofia, ambaye tulianza matibabu kipindi kimoja. Tulikuwa tumezoeana, anatuletea maembe. Siku walipoambiwa mke wake ameshika mimba nilimwona kwenye maegesho, amekaa ndani ya gari analia kwa furaha. Aliponiona alinipungia mkono. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu mpaka gari likaondoka.

Sindano za Mkunde nilimchoma mimi mwenyewe, maana mkono wangu umezoea. Ngozi ya tumbo lake ikawa na madoa ya zambarau yanayopishana na ya njano. Uso ulijaa chunusi kama wa msichana wa sekondari, tumbo likavimba kwa dawa, na kule shuleni wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu ana mimba. Akabaki anafundisha huku amejifunika kitenge mabegani jua likiwaka. Kiinitete cha kwanza hakikushika. Tulirudia. Cha pili kikashika, na tukaishi kama watu wanaobeba maji kwenye sahani, mpaka msimu wa kuvuna kahawa. Mkunde alikuwa kibarazani kwa mama anachambua buni. Alisimama, akaenda chooni, akarudi akaniambia neno moja: "Imekwenda."

Hapo ndipo daktari wetu, mama mmoja mtu mzima anayeongea taratibu, alipotaka damu ya wote wawili ipimwe vinasaba. Tulirudi Nairobi kupata majibu wakati wa baridi, ukungu umefunika hadi Moshi mjini. Alituambia bila kuzungusha. Mkunde hana tatizo lolote. Tatizo ni langu. Vipande viwili vya vinasaba vyangu vimebadilishana mahali. Kwangu mimi hakuna kilichopungua, ndiyo maana niko mzima. Lakini ninapotoa nusu ya kumpa mtoto, mara nyingi natoa iliyopungua au iliyozidi, na mimba ya namna hiyo kwa kawaida haifiki mbali. Nilizaliwa hivyo, alisema, na huenda nimerithi.

Nilimwuliza mbona niliambiwa mbegu zangu ni nzuri. Akajibu kwamba kuzihesabu na kujua zimebeba nini ni mambo mawili.

Njiani kurudi tulifika Namanga, mpakani. Tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya kugonga pasi, watu mbele na nyuma yetu, Mkunde akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega langu asianguke.

"Miaka yote hii nimekunywa mizizi ya watu," alisema. "Mizizi ya kunitibu nini, Aminieli?"

Foleni ikasogea, nikamshika mkono tukasogea nayo.

Daktari alikuwa ametuwekea njia mbele yetu. Tungeweza kuendelea kujaribu wenyewe, maana hutokea nusu iliyo sawa ikapita. Tungeweza kutumia mbegu ya mwanaume mwingine, ambayo ingewekwa kwa mrija tu, bila Mkunde kurudia sindano wala kutolewa mayai. Au tungerudia upandikizaji, lakini safari hii kila kiinitete kitolewe chembe chache, chembe zipelekwe maabara nje ya nchi, na kirudishwe kile tu ambacho vinasaba vyake vimekamilika. Alitutahadharisha kwamba kipimo hakitengenezi kiinitete kizuri, kinachagua tu kati ya vilivyopo. Huenda kisiwepo hata kimoja. Na kipimo chenyewe ni cha binadamu, kinaweza kukosea.

Mkunde alitaka mbegu ya mtu mwingine. Mwili ulikuwa wake, alikuwa amechoka, na njia ile ilikuwa nyepesi. Mimi nilisema tufikirie. Maana ya kufikiria kwangu ilikuwa hapana.

Tulimweleza mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, akasikiliza hadi mwisho bila kuinua macho. Kisha akasema jambo ambalo nadhani kwake lilikuwa la huruma.

"Kama ni mbegu tu, Elisante yupo. Ni ya baba yenu ileile. Hata daktari aiweke kwa mrija, itakuwa imetoka hapahapa nyumbani."

Nilitoka nje bila kuaga nikasimama kwenye migomba. Nilimwona mtoto anakua upande wangu wa mfereji akiwa na paji la uso la Elisante, mwendo wa Elisante, na mdogo wangu anapita asubuhi kwenda kazini anamtazama na kutabasamu. Wanawe waliozaliwa wawili, na wa tatu aliyekuwa njiani, hawakutosha, sasa wangemwongezea na wangu.

Mama alinifuata na kisu mkononi. Hakubembeleza. Aliniambia kwamba kati yangu na Elisante walipotea wawili, na baada ya Elisante mwingine mmoja, akaacha kujaribu. Bibi yetu, mama yake baba, alisema amerogwa na watu wa kwao. Mama alikuwa amelibeba hilo muda wote ule. Nilimwuliza kama angependa kupimwa ijulikane kama ni yeye aliyenirithisha. Akasema, "Nipimwe nini na uzee huu? Nimeshazaa waliotaka kuja."

Nilipompigia daktari kuhusu wazo la mama, alisema mtu wa kwanza wa kupimwa ni huyo ndugu, iwe tunataka mbegu yake au hatutaki, kwa ajili ya watoto wake watakapokuwa wakubwa. Kwa hiyo ilinibidi nimwambie. Nilichelewesha makusudi. Na nakiri kwamba kila nilipofikiria majibu yake, niliomba naye awe na kasoro yangu.

Nilimkuta zizini kwake anakata majani. Alisikiliza, akauliza apime wapi, basi. Wiki hiyohiyo alikwenda Moshi kutolewa damu, ikapelekwa mbali, naye akapandisha wageni wake mlimani kama kawaida.

Majibu yalikuja Upendo akiwa karibu kujifungua. Elisante alikuwa nayo. Mabadiliko yaleyale, mahali palepale. Alikuja kwangu mwenyewe, akakaa kwenye gogo nje ya mlango, akaniambia kwamba hata wao walipoteza. Moja kabla ya mtoto wa kwanza, nyingine kati ya wa pili na huyu aliyeko tumboni. Walizificha kabisa. Upendo alilala kitandani siku kadhaa, wakasema ana malaria, na Mkunde akampelekea uji.

Nilimwuliza kwa nini hawakutuambia.

"Tungewaambiaje nyinyi, kaka?" alisema. "Sisi tuna watoto ndani. Ningekuja kukulilia wewe?"

Ungetegemea wivu ufe hapo. Mimi pia nilitegemea. Ulizidi. Kabla ya siku ile niliweza kujiambia kwamba yeye ameumbwa vingine. Sasa nilijua tumeumbwa sawasawa, tumebeba kasoro moja kutoka tumbo moja, na yeye ana watoto wanaokimbilia pikipiki. Ilikuwa ni bahati tu, kama kurusha jiwe kwenye mti na embe likaanguka. Na tulipoagana mlangoni alikuwa na macho mekundu, na bado nikamwona ametajirika mbele yangu. Upendo alijifungua mtoto wa kike baada ya hapo. Nilikwenda kumwona nikiwa nimekwisha kuandaa uso nyumbani.

Nilizidi kukataa mbegu ya mtu mwingine. Nilimwambia Mkunde tupime viinitete, ni sayansi, ni ya uhakika zaidi. Alinisikiliza jioni kadhaa. Kisha tukiwa tunakula akaweka kijiko chini.

"Wenye ng'ombe unawaambiaga nini?" aliuliza.

Alikuwa amekwisha kufuatana nami kwenye nyumba za watu mara nyingi likizo za shule.

"Unawaambia wasiulize dume. Ndama ni wa aliyemlisha mama yake. Nimekusikia kwa masikio yangu. Sasa mimi nasema hivyohivyo, unaniletea sayansi. Niambie ukweli."

"Nitamwonea wivu," nilisema.

"Nani?"

"Huyo mwanaume. Simjui, hata sitamjua, lakini nitamwona. Mtoto akicheka nitajiuliza anacheka kama nani. Nimemwonea wivu mdogo wangu mpaka nimekwepa watoto wake njiani. Mgeni nitamfanyaje?"

Sikuwa nimewahi kumwambia habari ya njiani. Mkunde alisogeza sahani pembeni. Alisema hilo ni neno la kwanza la kweli kulisikia kwangu tangu Namanga. Hakusema kwamba ananielewa. Alisema atachomwa tena, mara moja tu ya mwisho, na viinitete vipimwe, kwa sababu hataki tena kubeba kitu cha kuja kukizika. Ikitokea hakuna hata kimoja, tutatumia mbegu ya mtu mwingine, na wivu wangu nitaukalia mwenyewe, mtoto asiuone hata kivuli.

Nilikubali. Na nilijua kwamba amenipa mwili wake kwa ajili ya kitu kisicho kizuri ndani yangu. Wanaume wenzangu, mkifika hapa, msijiambie kwamba ni uamuzi wa wawili sawasawa. Mmoja anaamua, mwingine anaamua na kuchomwa.

Kabla ya kuanza, Mkunde aliuliza jambo moja lililokuwa linamkwaza. Alitaka kujua vile vitakavyoonekana na kasoro ni nini hasa, ni watoto tunaowakataa? Muuguzi wa kliniki hakumcheka wala hakumhubiria. Alimwambia kwamba kwa tatizo letu, vingi vya namna hiyo ndivyo tulivyokuwa tukivipoteza. Vingi visingefika popote. Lakini kama kuna kimoja ambacho dhamiri yake itamzuia kukiacha, aseme, wataongea na daktari. Mkunde alilala vizuri baada ya hapo. Mchungaji wetu hatukumwuliza. Alituuliza yeye baadaye, tukamwambia, akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua ni ndiyo au siyo, akaomba nasi, akaondoka.

Ilikuwa kiangazi, majani ya kahawa yamekauka kingo. Sindano zikaanza upya, madoa ya zambarau yakarudi. Walipata mayai ya kutosha, na siku chache baadaye wakatuambia viinitete vitano vimefika hatua ya kupimwa. Chembe zikatolewa, zikasafirishwa, vyenyewe vikagandishwa. Niliuliza vinatunzwa wapi. Muuguzi alinionyesha kupitia kioo cha mlango: mtungi wa baridi, mkubwa kuliko wangu, lakini wa namna ileile, na ukungu uleule mweupe mfuniko unapofunguliwa. Niliufahamu. Nilijua jinsi unavyojazwa na jinsi unavyoweza kukaa bila kupoteza baridi. Tangu matibabu yaanze, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyotoka kwenye jengo lile mabega yameshuka.

Kisha tukasubiri. Masika yalianza, njia zikawa utelezi, na ng'ombe hawasubiri majibu ya mtu. Niliendelea na kazi. Kazi yangu ina siku ya kurudi kumpima ng'ombe kwa mkono kama ameshika, na alikuwepo ng'ombe mmoja wa Mwika, aliyezeeka na mwenye mguu mbovu, ambaye alishika kwa mrija mmoja. Mwenye ng'ombe alifurahi, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikunywa nimesimama huku nikimwangalia yule ng'ombe anavyocheua kwa utulivu, nikamwonea wivu. Ng'ombe. Nilipomwambia Mkunde alicheka mpaka akajikuta analia, kisha akacheka tena.

Majibu yalipofika nilikuwa Mabogini kununua majani makavu ya mpunga kwa ajili ya mifugo. Mkunde alinipigia. Kimoja. Kati ya vitano, kimoja ndicho kinachofaa kurudishwa. Lakini kina mpangilio kama wangu. Mtoto atakuwa mzima, alisema daktari, ila akifikia kutafuta mtoto wake mwenyewe anaweza kukutana na yaleyale. Kama tunapenda kinarudishwa. Kama hatupendi, tuseme.

Nilisimama kwenye tuta la mashamba nikiwa nimeshika simu, maji pande zote, na kwa mara ya kwanza sikujua nataka nini. Nilikuwa nimemlazimisha mke wangu kupita huku ili mtoto awe wangu, na sasa wangu alikuwa amepatikana kweli, na kasoro yangu kamili. Jioni nilimwambia Mkunde kwamba naogopa. Nilisema huyu mtoto atakuja kukaa kwenye vile viti tulivyokaa, au atakaa mke wake, au mtoto wetu wa kike atatokwa damu kama alivyotokwa yeye. Tutakuwa tumejua tangu mwanzo, na tumemleta.

Mkunde alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuacha kusahihisha.

"Atakuwa kama wewe," alisema. "Wewe una shida gani? Unakula, unalala, unaona wivu. Nimeishi na mtu wa hivyo miaka yote hii. Nitaweza kumlea."

Kilirudishwa wakati wa baridi. Kikashika. Sitaeleza sana miezi ile, kwa sababu ilikuwa ni woga tu unaobadilisha mavazi. Tulipopita miezi ambayo mimba zote za nyuma zilitoka, Mkunde aliacha kuongea kwa siku nzima, halafu akaomba samaki. Upendo alianza kuja kumfulia bila kuombwa. Mdogo wangu alipokuwa mlimani alinipigia kila alipopata mtandao, anauliza tu, "Bado?" nami namjibu, "Bado yupo," anakata. Kadiri tumbo lilivyokua nilijikuta nikimwonea wivu hata Mkunde, kwamba yeye yuko naye muda wote na mimi nagusa kwa nje.

Mtoto wetu alizaliwa Moshi, wa kike, tukamwita Haika, neno la kwetu la kushukuru. Ana paji la uso langu. Nililiangalia hilo kabla ya kuhesabu vidole, na najua kwamba si sifa.

Wewe unayesoma ukiwa bado katikati, nina machache ya kukuambia. Mimba zikitoka mfululizo, mume naye apimwe vinasaba mapema, si mbegu tu. Usikubali mwenzako anyweshwe mizizi peke yake. Uliza kipimo hakiwezi nini kabla ya kuuliza kinaweza nini, maana wapo waliopima wakaambiwa hakuna hata kimoja, na mlango wao ulikuwa mwingine, nao pia ni mlango. Waambie ndugu zako wa damu, hata wale usiotaka kuongea nao. Na kama una wivu, usiulishe kimya. Mtajie mtu mmoja. Mimi uliponitoka mdomoni haukuondoka, ila uliacha kuniamulia.

Haika sasa anaota meno. Jumapili iliyopita tulikuwa kwa mama wote. Analia tangu tulipotoka kanisani, nami nimemzungusha kwenye migomba, nimemwimbia, nimempa kijiko atafune, hataki. Elisante alikuwa ameshuka mlimani jana yake, ngozi ya pua inabanduka kwa jua. Akanyoosha mikono, akamchukua. Haika akashika ndevu zake, akashusha pumzi, akanyamaza. Akaegemeza kichwa kwenye shingo ya baba yake mdogo kana kwamba alikuwa akimsubiri yeye siku nzima.

Elisante alinitazama haraka, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake.

"Amechoka tu, kaka," alisema.

Nilikisikia kitu changu kile kikinyanyuka kifuani. Wanawe walikuwa wanacheza miguuni mwetu. Mama aliacha alichokuwa anafanya. Mkunde, aliyekaa mlangoni, alikuwa ananiangalia mimi, si mtoto.

"Elisante," nilisema.

"Naam."

"Nirudishie mtoto wangu."

Alicheka, nami nikacheka, akanipa. Haika alipofika mikononi mwangu alianza kulia upya, kwa nguvu zaidi. Nikambeba hivyohivyo akilia, nikapanda naye hadi nyumbani.